Naomba ushauri: nianzie wapi kusoma picha za satelaiti?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa, bado mchanga kazini, na karibuni naanza mafunzo ya awali ya picha za satelaiti. Ramani za mgandamizo wa hewa hazinipi shida. Hizi picha ndizo zinanitoa jasho.

Kinachonisumbua hasa ni usiku. Picha ya mwanga wa kawaida haipo, nabaki na chaneli ya infraredi (mnururisho usioonekana kwa macho) ya mikromita 10.8, ambayo kimsingi inaonyesha joto tu. Ukungu na mawingu ya chini yana joto karibu sawa na la ardhi, basi yanapotea machoni. Huku mawingu ya juu ya barafu yanaweza kung'aa meupe kama ya radi, na mvua yenyewe hayana! Najua ukilinganisha chaneli ya 3.9 na ya 10.8 ukungu unajitokeza, ila rangi za picha mseto (chaneli kadhaa zilizounganishwa kuwa picha moja ya rangi) bado zinanichanganya.

Mliopita huko, nizoee kwanza chaneli moja moja au niingie moja kwa moja kwenye picha mseto? Na kwa mazoezi, picha tuli zinatosha, au nifuatilie mfululizo wa picha za satelaiti ya Meteosat wa kila dakika 15? Fizikia ya mnururisho nayo, niichimbe kiasi gani?