Viboko wa Ziwa Edward: kimeta au bunduki?

Ndugu zangu, hoja iliyo mezani ni kwamba viboko wa Ziwa Edward walimalizwa na kimeta. Wengi tunaopita Katunguru na Mpondwe, upande wetu wa Uganda, tunaamini hivyo, na sababu naielewa. Mwaka 2004 ugonjwa huo uliua viboko kwa mamia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, mizoga ikaelea katika Mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa Edward na Ziwa George. Kiangazi kikikaza nyasi hubaki fupi, mnyama hula hadi udongo, na vijidudu vya kimeta hukaa udongoni miaka mingi. Tena kiboko huweza kula mzoga wa mwenzake.

Lakini ziwa ni moja, na sehemu yake kubwa iko Kongo. Huko, katika Hifadhi ya Virunga, miaka ya 1970, walihesabiwa viboko wapatao 29,000. Kufikia 2005 hawakufika hata 1,000. Kimeta cha 2004 kiliwapiga zaidi wa kwetu, na bado wa kwetu wapo kwa maelfu. Ukame nao haukuchagua upande. Kilichotofautiana ni bunduki. Kuanzia vita vya 1996, wanajeshi na waasi walikula nyama ya kiboko na kuuza meno yake, na baadhi ya askari wa hifadhi waliojaribu kuwazuia waliuawa.

Hata huku kwetu, ujangili ulishamiri enzi za utawala wa Idi Amin na baada ya vita vya 1979 vilivyomng'oa, silaha zilipozagaa. Ulinzi uliporudi, viboko wakaongezeka tena. Kama ni ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza, wasingepona kwa sababu tu askari wamerudi kazini.

Wapo wanaotaja viboko waliopunguzwa makusudi na wasimamizi wa hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1950. Hao walipunguzwa kwa sababu walikuwa wengi mno, wakamaliza malisho. Hilo haliwezi kueleza ya Virunga.

Sikitoi kimeta kabisa. Kiboko hubeba mimba miezi minane na huzaa ndama mmoja. Kundi lililokwisha kuchujwa na risasi, ugonjwa mmoja hulifikisha pabaya.

Naomba wavuvi wa Katwe, huku kwetu, na wa Vitshumbi, upande wa Kongo, mtusaidie. Mnasema samaki aina ya ngege wamepungua kwa kuwa kinyesi cha kiboko hakirutubishi tena maji. Je, nyavu zilianza kurudi tupu baada ya milio ya risasi, au baada ya ile mizoga?