Mtu mzima na baiskeli Dar: tatizo barabara au aibu?

Kengele Mbovu: Wakuu, nakaa Kimara, kibarua Magomeni. Nimechoka kugombania mwendokasi, nikanunua baiskeli. Njia yetu ya baiskeli kando ya Morogoro Road ipo tangu mabasi hayo yaanze kazi 2016. Ila nikifika Manzese nashuka naikokota: boda uso kwa uso, meza za machungwa, magari yamepaki. Kifanyike nini mtu apande bila kuaga familia kila asubuhi?

Tajiri Mtarajiwa: Hongera, ila tuambizane ukweli. Mjini baiskeli ni ya muuza samaki. Mtu mzima na heshima zako unaingia ofisini unanuka jasho?

Mama Wawili: Huyo muuza samaki ni baba yangu. Alfajiri yuko Feri, jua likitoka yuko Mbagala na tenga nyuma. Watoto wanne tumesoma. Wewe maliza kwanza mkopo wa hiyo Vitz.

Tajiri Mtarajiwa: Kwanza ni IST. Pili haina mkopo.

Ngosha: 😂😂 Kajitetea kwenye gari tu! Kwetu Shinyanga baiskeli ndiyo teksi, mwalimu anapakiwa na tai yake shingoni. Aibu mnayo nyie wa Dar.

Kijiwe Namba 7: Shinyanga tambarare. Hebu pandisha Kimara jioni tukuone. Halafu sisi boda mnatulaumu bure. Huku daladala inakubana, kule njia nyeupe. Tufe ili baiskeli tatu zipite?

Mama Wawili: Ziko tatu kwa sababu mmewafukuza wengine!

Fundi Spoku: Wachomeke vyuma kwenye maingilio ya njia. Mbona rahisi.

Kijiwe Namba 7: Fundi, nafasi inayopitisha usukani wa baiskeli ya Phoenix na boda inapita. Ukibana zaidi umemzuia mwenye kiti cha magurudumu.

Fundi Spoku: Basi trafiki asimame hapo. Waholanzi wanaosifika kwa baiskeli nao walikuwa kama sisi, miaka ya 70 wazazi waliandamana watoto wakigongwa hovyo.

Ngosha: Kilichowabadilisha ni mafuta kupanda 1973, siyo maandamano.

Fundi Spoku: Yote mawili, hukusoma ukamaliza. Na hiyo Phoenix msiisifie, baiskeli yetu ya Swala, ya hapa hapa Tanzania, ilikuwa chuma.

Ngosha: Swala?? Phoenix ya babu ilibeba gunia mbili za pamba na bibi juu!

Fundi Spoku: Swala ninayo nyumbani hadi leo. Rimu haijawahi kupinda.

Tajiri Mtarajiwa: Kumbe hata fundi ni wa mikoani.

Mama Wawili: We nawe bado upo? Foleni ya Ubungo haijasogea?

Kengele Mbovu: Wakuu, mada yangu ilikuwa Manzese… Fundi, hiyo Swala unauza? Ina keria?

Mama Wawili: Keria ya nini, kaka? Unaanza samaki?