Mteja wa Ujerumani anataka kunilipa kwa USDT: nikubali au nikatae?

Mtafsiri wa Nakuru

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mtafsiri ninayejitegemea, na hadi sasa wateja wangu wa Ulaya hunilipa kupitia benki au PayPal, kisha nahamishia fedha M-Pesa. Kampuni moja ya Ujerumani inayotengeneza michezo ya simu imenipa kazi ya dola 1,400, nusu ilipwe kabla sijaanza na nusu nikishakabidhi, ila inasema italipa kwa sarafu za kidijitali pekee, nami nichague kati ya bitcoin na USDT. Kazi ni nzuri na sipendi kuikosa kwa woga tu. Ninachohofia ni thamani kushuka kabla sijapata shilingi, KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) kuniuliza fedha zimetoka wapi, na kukosa pa kukimbilia mteja akigeuka. Wenye uzoefu naomba mnishauri.

Msanidi wa Dar

Ndugu Mtafsiri, bitcoin iondoe kwenye hesabu. Aliyelipwa kwa bitcoin Novemba 2021, ilipokuwa karibu dola 69,000, akaiweka, mwaka mmoja baadaye alikuwa amebaki na chini ya robo ya ujira wake, na hiyo ni biashara ya kubahatisha isiyohusiana kabisa na tafsiri uliyoifanya. USDT imekusudiwa kulingana na dola moja, kwa hiyo hofu yako ya kwanza inapungua, ingawa haiishi. USDC, ambayo nayo ni ya aina hiyo, ilishuka hadi karibu senti 88 mnamo Machi 2023 kwa sababu sehemu ya akiba yake ilikuwa katika Silicon Valley Bank iliyofilisika, kisha ikarudi baada ya siku chache. Ndiyo maana mimi huuza siku ileile ninapopokea.

Kabla ya hapo, kubalianeni kwa maandishi mtandao utakaotumika kutuma sarafu, kwa mfano Tron au Ethereum. Anwani za Tron huanza na herufi T na za Ethereum huanza na 0x. Fedha zikitumwa kwa mtandao ambao pochi yako (programu ya kutunzia sarafu) haiupokei, kuzirudisha ni taabu na pengine haiwezekani. Usiamini pia kila kinachojiita USDT ndani ya pochi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu bandia yenye jina hilo. Unapowauzia watu moja kwa moja kwa M-Pesa, usiachilie sarafu kwa kuona ujumbe mfupi tu. Angalia salio lako mwenyewe, na mkatae mnunuzi ambaye jina la laini yake halifanani na jina la akaunti yake, kwani fedha za wizi hupitishwa kwa njia hiyo na anayefungiwa akaunti ni muuzaji.

Mhasibu wa Nairobi

Nijibu la KRA, kwa sababu hapa watu wengi wanachanganya mambo. Ile kodi ya asilimia 3 iliyoanza Septemba 2023, iliyotozwa kwa thamani yote ya sarafu iliyohamishwa hata kama mtu hakupata faida, iliondolewa na Sheria ya Fedha ya 2025, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada anayotoza mtoa huduma. Ada ikiwa shilingi 200, ushuru ni shilingi 20, si asilimia 10 ya mshahara wako kama nilivyosikia ikidaiwa. Kodi ya mapato haijaguswa: ujira ni ujira, ulipwe kwa shilingi au kwa USDT. Toa ankara kwa dola, andika thamani yake kwa shilingi siku uliyopokea, na uhifadhi kumbukumbu ya muamala pamoja na mkataba. Mkiwa Tanzania hesabu ni nyingine, maana huko Sheria ya Fedha ya 2024 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 3.

Mchoraji wa Mombasa

Samahanini, nyote mnamfundisha namna ya kupokea, na hakuna aliyeuliza kwa nini kampuni ya Ujerumani, yenye benki zinazofanya kazi, haitaki kutumia benki. Gharama na usumbufu wa kubadilisha fedha vyote vinahamishiwa kwa mtafsiri. Mimi ningekataa, au ningeongeza bei.

Msanidi wa Dar

Kuongeza bei nakubaliana nawe kabisa. Lakini tusisahau kwamba muamala usiorudishwa humuumiza zaidi anayelipa. Kwa PayPal mteja anaweza kufungua malalamiko hadi siku 180 baada ya kulipa, wakati wewe umeshakabidhi kazi na fedha umeshazitumia. USDT ikishathibitishwa kwenye pochi yako, mteja hana namna ya kuivuta. Dalili ya utapeli ni mteja anayekutaka wewe utume kiasi kidogo kwanza “kufungua” malipo, au anayelipa kupita kiasi kisha akaomba ziada ipelekwe kwenye anwani nyingine.

Mtafsiri wa Nakuru

Nawashukuru sana. Nimewaandikia kwamba bei ibaki kwa dola, ilipwe kwa USDT kupitia Tron, ada za kubadilisha waongeze wao, na mkataba ubebe jina kamili la kampuni na namba ya usajili. Sitagusa sentensi hata moja kabla nusu ya kwanza haijaingia.

Mchoraji wa Mombasa

Hapo sawa. Wakikupa namba hiyo, kwa kampuni ya aina ya GmbH (kampuni ya Kijerumani yenye dhima ya kikomo) huanza na HRB, na tangu Agosti 2022 mtu yeyote anaweza kuitafuta bila malipo kwenye daftari la kampuni la Ujerumani. Linganisha pia jina na anwani na ukurasa wa Impressum, yaani wa kumtambulisha mwenye tovuti, wa tovuti yao, ambao sheria ya huko inawalazimu kuuweka.