Streptomyces wa kihamba ameacha kutoa dawa: uchafu au jenomu?

Kihamba_Marangu
Habari wakuu. Bakteria wangu wa Streptomyces kutoka udongo wa kihamba huku Marangu alikuwa akizuia Staphylococcus aureus vizuri tu. Amehamishwa sahani hadi sahani kwenye ISP2 (agari ya kuoteshea bakteria), nyuzi 28, na sasa koloni nyingi zimetoka vipara: hakuna unga wa kijivu wa spora, hakuna uwazi kuzunguka koloni. 16S (jeni ya kutambulisha bakteria) ni ileile. Je, ni uchafu, yaani bakteria mwingine ameingia?

Njiro_Lab
Si Bacillus, hilo 16S imelimaliza. Zaidi ya hapo usiiamini, maana spishi mbili za Streptomyces zinaweza kufanana kwa zaidi ya asilimia 99.

Mimi nashuku mkono wa kromosomu (kipande cha kuelekea ncha) umekatika. Kromosomu yao ni uzi wenye ncha mbili, si duara kama ya E. coli. Ya S. coelicolor, iliyosomwa yote 2002, ina bezi (herufi za DNA) milioni 8.67 na jeni zaidi ya 7,800. Jeni za lazima zimekaa katikati. Mikononi kuna za ziada, nyingi zimeokotwa kwa bakteria wengine, yakiwemo makundi kadhaa ya jeni za viuavijasumu. Mkono unaweza kupoteza hata bezi milioni moja na bakteria akaishi. Kwenye ISP2 chakula kipo na mshindani hayupo, kwa hiyo asiyetengeneza dawa hapungukiwi kitu, na kitanzi chako kinambeba kila ukihamisha.

Rudi kwenye stoki ya kwanza. Panda kwenye agari ya soya: unga wa soya gramu 20, manitoli 20, agari 20, maji ya bomba lita moja, autoklevu mara mbili. Vuna spora, chuja kwa pamba, weka kwenye gliseroli asilimia 20, gandisha. Kila jaribio lianzie kwenye kichupa, kamwe si kwenye sahani ya zamani.

Spora72
Mkuu, umeharakisha. Kipara na kukosa dawa kwa pamoja vinaweza kuletwa na jeni moja tu, bldA. Hiyo hutoa tRNA (molekuli inayoleta asidi amino wakati wa kujenga protini) inayosoma TTA, kodoni (neno la herufi tatu) adimu kwenye jenomu ambayo herufi G na C ni asilimia 72 hivi. Tena kwa S. coelicolor, utafiti wa 2020 ulionyesha waliopoteza mikono walitoa dawa zaidi, ila spora chache. Vipara msivitupe, vijaribuni pia dhidi ya Bacillus subtilis.

Kihamba_Marangu
Nimekubali. Nikisoma jenomu, Illumina (mashine ya kusoma DNA kwa vipande vifupi) pekee inatosha?

Njiro_Lab
Hapana. Jeni za poliketidi (kundi lenye viuavijasumu vingi) zina vipande vinavyojirudia, kwa hiyo vipande vifupi vya Illumina vinakatika hapohapo. Ongeza Nanopore, inayosoma vipande virefu, kwa stoki ya kwanza na kipara pamoja.

Angalia utoaji wa DNA kwenye seli: ncha za kromosomu zimeshikwa na protini. Anza na lisozaimu, kisha SDS (sabuni) na proteinezi K (kimeng'enya cha kukata protini) nyuzi 55, ndipo klorofomu. Ukiruka proteinezi, ncha zinabaki kwenye utando wa protini, nawe utaapa kuwa mkono umekatika. Usomaji ukishuka hadi sifuri kuelekea ncha moja kwa kipara pekee, ni mkono. Ukiwa sawa kote, mfuate Spora72 kwenye bldA.