Nani kachukua tapu ya kumi?

Mjomba Hamisi: Jamani nani kachukua tapu yangu ya kumi, ya kukatia uzi kwenye tundu la bolti ya milimita 10, ile ya milimita 1.25 jino hadi jino? Kopo nimelimwaga lote sakafuni nakuta ya 1.5 peke yake

Salum: Shikamoo mjomba. Mi jana nilichukua ya kumi nikairudisha palepale

Mjomba Hamisi: Marahaba. Ya kumi ipi?

Salum: Si ya kumi tu mjomba, imeandikwa M10 nimeona kwa macho yangu. Tundu la bolti ya kushikia injini lilikuwa limelika nikalipiga tapu. Ila ilikuwa inaingia kwa shida kweli

Mjomba Hamisi: Mungu wangu. Bolti ya pikipiki yako ile ni ya 1.25 we umeingiza 1.5!! Na ulizungushia nini?

Salum: Mkono wa tapu sikuuona, nikatumia spana malaya 🙈

Bamdogo Issa: 😂😂 basi uzi umeshautafuna, hapo labda tuweke koili ya waya iwe uzi mpya. Ila kaka nisamehe, kosa si la mtoto, kosa la kopo. Unachanganya tapu na misumari humo zinagongana meno yanaliwa, chuma chake kigumu ila kinakatika kama biskuti

Mamdogo Zuhura: Na hilo kopo ni la maziwa ya mwanangu, mjue tu

Bamdogo Issa: Mi Mikindani nimechukua kipande cha mbao mabaki ya mlango nikatoboa mashimo, kila tapu na shimo lake na ubavuni biti yake ya drili, M6 na biti ya 5, M8 na 6.8, M10 ya 1.5 na 8.5, ile ya 1.25 na 8.8 hiyo nimeizungushia rangi nyekundu, sasa mtu akichomoa tapu anaondoka na biti yake hakuna kubahatisha, na pengo likibaki unajua nani wa kumuuliza

Salum: Na zile zinazofanana tatu tatu bamdogo?

Bamdogo Issa: Angalia shingoni, yenye mduara mmoja ndo ya kuanzia, miwili inafuata, isiyo na mduara ya kumalizia. Zipange hivyohivyo

Mjomba Hamisi: Kutu je? Hapa Shangani chumvi ya bahari inakula mpaka bawaba

Bamdogo Issa: Futa na kitambaa chenye oili kila ukimaliza. Sponji usiweke, inashika unyevu. Na ile betri ya sola unayoichajia rafu hiyohiyo ihamishe, mvuke wake una asidi

Mjomba Hamisi: Sawa. Na dai, zile za mviringo za kukatia uzi kwenye bolti yenyewe, nazilaza wapi?

Mamdogo Zuhura: Popote ila chuma changu cha vitumbua nisikione huko

Mamdogo Zuhura: Halafu kaka Hamisi, mkono wa tapu si huu umeutundika kwenye baiskeli tangu juzi? Kuna kijiti chenye meno kimebanwa humu

Salum: Kimeandikwaje mamdogo?

Mamdogo Zuhura: M10x1.25

Bamdogo Issa: 😂😂😂😂

Mjomba Hamisi: Salum kesho njoo na mbao