Mnaoziba meno kwa kulipua acheni kuisingizia amalgamu!!

Wakuu habari za mda huu. Naandika jino likiwa linanipwita kwahiyo mtanivumilia.

Mwaka jana niliziba gego la chini kwenye kliniki moja hapa Dar, jina nalihifadhi kwa sasa. Wakaniwekea amalgamu, ile ya rangi ya fedha. Juzi natafuna wali tu, wala sio mfupa wala bisi, nikasikia kaa! kipande kimetoka na kona ya jino juu yake. Narudi pale dokta hata hajanichungulia vizuri ananiambia "hizi amalgamu za siku hizi hazidumu, halafu utakuwa unasaga meno usiku". Aisee! Mama mdogo kazibwa tangu miaka ya 90 na jino hilohilo anatafunia miwa mpaka leo, na vitu ni vilevile, zebaki karibu nusu na unga wa fedha, bati na shaba.

Nikaenda kwa daktari mwingine, mama mtu mzima, akapiga eksirei akanionyesha. Amalgamu imemwagikia katikati ya meno mawili imefanya ukingo uliojitokeza pale, chakula kinanasa humo kila siku ndo maana fizi ilikuwa inatoka damu na uzi wa meno unakatika. Kisa? Jamaa hakufunga ule mkanda mwembamba wa chuma kuzunguka jino na kubana kabari. Vitu vya dakika mbili!

Akaniambia amalgamu haina gundi, inashikiliwa na umbo la shimo, ndani pawe papana kuliko mdomo wa shimo, na kina kifike kama milimita 2 hivi maana ikiwa nyembamba inavunjika. Langu lilikuwa limekwanguliwa juujuu. Halafu inatakiwa ishindiliwe kidogo kidogo kwa nguvu, zebaki iliyozidi ipande juu iondolewe, na yote ifanyike haraka kabla haijaanza kukaza. Yule wangu alibwaga donge zima akasukumasukuma basi, pamba zimelowa chepechepe na msaidizi yuko bize na simu. Mnajua mate yakiingia wakati wa kushindilia, kama ni ile yenye zinki, inavimba siku kadhaa baadae inajisukuma yenyewe?? Na ile karatasi ya rangi ya kung'atia waone kama imezidi juu sikupewa, nikaambiwa "nenda kale tu", wakati inahitaji kama saa 24 ndo ikomae.

Sikatai, kuna wagonjwa wanakula pipi mchana kutwa hawapigi mswaki, hao hata uwazibe kwa dhahabu itaharibika tu. Ila mimi sio huyo na eksirei haidanganyi.

(Wale wa "zebaki ni sumu" najua Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unataka ipunguzwe mpaka iachwe kabisa, fungueni uzi wenu.)

Sasa naambiwa jino linataka kuvishwa kofia na bei yake ndo imenitoa machozi kuliko jino lenyewe, wakati wale hela yangu walishakula na wanataka nilipe tena eti kuziba upya. Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika kwa ishu ya meno? Unaanzia wapi, na hela unarudishiwa au ni barua ya onyo tu? Eksirei ninayo, risiti ninayo.