Prius ya mwisho ya toleo la zamani kwa punguzo, au nijikaze nichukue mpya?

FundiCherehani:

Wakuu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani, na mara nyingi namfuata mteja alipo. Kila siku nabeba vichwa vitatu au vinne vya chuma pamoja na sanduku la spea, na siku nyingine hata meza ya cherehani. Gari nililonalo limechoka. Linalofuata nataka liwe haibridi, yaani lenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, maana nashinda kwenye foleni, nasimama na kuondoka, na hapo ndipo mota ya umeme inapookoa mafuta.

Muuzaji ana Toyota Prius mbili. Moja ni ya kizazi cha nne, injini ya lita 1.8. Ndiyo iliyobaki peke yake, haijawahi kusajiliwa, na bei ameikata sana. Nyingine ni ya kizazi cha tano, lile umbo lililozinduliwa Novemba 2022, injini ya lita 2.0. Nguvu za farasi zimepanda kutoka 121 hadi 194, na kwenye usukani unazisikia. Ukikanyaga, mpya inaitika palepale. Ya zamani inaunguruma kwanza ndipo iende.

Moyo unataka mpya, siwafichi. Ila mimi ni mfupi, na nilipokaa, ukingo wa juu wa usukani ulinikatia kioo cha spidi mpaka nikaushusha karibu na mapaja. Halafu mama yangu, ambaye alibadilishiwa nyonga mwaka jana, aligonga kichwa kwenye ukingo wa paa akiingia nyuma. Hakulalamika. Alikaa tu kimya, kiganja kwenye paji la uso.

Je, mpya inabana mafuta kiasi cha kufidia tofauti ya bei? Na gari lililokaa muda mrefu bila kutembea nilikague wapi?

Safari_Ndefu:

Ndugu, mimi ningechukua mpya, na sababu yangu kubwa ni usalama kuliko mbio. Kizazi cha tano kimekuja na Toyota Safety Sense 3.0, mfumo unaomtambua hata mwendesha pikipiki aliye mbele yako na kukusaidia kufunga breki. Wewe unashinda barabarani. Pia usidharau hizo farasi. Gari likiwa na mzigo, kuingia barabara kuu yenye malori kunataka gari linaloitika.

Suala la mama ni zito, hilo sikubishii. Mjaribishe kiti cha mbele kabla hujaikataa.

SpanaKumi:

Mkuu, nashughulika na haibridi miaka 11 sasa. Ngoja nianze na mafuta, maana hapo watu wengi wanajidanganya.

Kwa vipimo rasmi vya Marekani, Prius ya kawaida ya kizazi cha nne inatumia kama lita 4.5 kwa kilomita 100. Mpya yenye rimu za inchi 17 inatumia kama 4.1. Ila mpya hiyohiyo ukiichukua na rimu za inchi 19 inarudi kwenye 4.5. Kwa hiyo uliza kwanza hiyo uliyooneshwa ina rimu zipi. Hata kama ni za 17, ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka unaokoa lita 60 hivi. Zidisha kwa bei ya mafuta unayonunua, kisha linganisha na punguzo ulilopewa. Mafuta peke yake hayawezi kuwa sababu ya kununua mpya.

Na hizo rimu za 19 zinavaa tairi za 195/50 R19, saizi ambayo hukutani nayo kirahisi. Ya zamani yenye rimu za 15 inavaa 195/65 R15, unaipata popote.

Kuhusu gari lililosimama, anza na matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 3522 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2022. Yakiwa ya zamani, omba mapya kama sehemu ya mapatano. Angalia disiki za breki. Kutu nyepesi juu juu inafutika ukianza kutembea, ila iliyochimba haifutiki, na haibridi huchelewa kuisugua kwa sababu kazi kubwa ya kupunguza mwendo inafanywa na mota. Betri ndogo ya volti 12 ipimwe ikiwa na mzigo, au idai mpya kabisa.

Waranti nayo huhesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa au kusajiliwa mara ya kwanza. Usiridhike na maneno ya mdomo, dai karatasi. Kuna magari yanaitwa mapya kumbe yalishasajiliwa kwa ajili ya majaribio, na siku za waranti zinakwisha yakiwa yameegeshwa.

La mwisho linakuhusu wewe hasa. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo chini ya kiti hicho. Kuna gari niliwahi kulifungua, mwenye nalo alikuwa anapakia mbwa: chujio la hilo tundu lilikuwa limegeuka blanketi la manyoya. Sasa wewe unabeba cherehani. Yale mavumbi ya nyuzi yanayojaa chini ya bamba la sindano ndiyo yatakayokwenda pale. Usiegemeze mzigo kwenye hilo tundu, na chujio lisafishwe mara kwa mara. Joto ndilo adui wa betri.

BibiUsukani:

Kama unachukua kwa mkopo, usitazame bei ya gari peke yake. Wakati mwingine mpya ndiyo inayopewa riba nafuu, na ya zamani yenye punguzo inakuja na riba ya kawaida. Omba jumla ya malipo yote mpaka mwezi wa mwisho, kwa magari yote mawili. Ukikusudia kuuza baada ya miaka miwili mitatu, umbo la zamani litakuumiza. Ukikaa nalo miaka kumi, hiyo tofauti inapungua sana.

FundiCherehani:

Asanteni sana, nimerudi kule nikiwa na mama, futi ya kupimia na kichwa kimoja cha cherehani.

Mpya ina rimu za 19, kwa hiyo hesabu ya mafuta imeishia hapo. Safari_Ndefu, kiti cha mbele mama alikiweza, lakini mimi nikiwa na msaidizi, mama ndiye anayekaa nyuma. Kwenye buti, cherehani iliingia kote kuwili. Ila kwenye mpya, ikiwa imesimama juu ya ubao wake, gurudumu la mkono liligusa kioo cha mlango wa nyuma kabla mlango haujafunga. Paa limeshushwa milimita 50, na pale niliziona.

Matairi ya ile ya zamani yalisoma 0922. Muuzaji amekubali kubadilisha yote manne na betri ya volti 12, na ameandika kwamba waranti inaanza siku nitakayokabidhiwa. Nalipa taslimu, kwa hiyo riba hainihusu, ila asante BibiUsukani.

Nimeweka amana ya ile ya zamani. SpanaKumi, hilo chujio linatoka kwa mkono au nahitaji bisibisi?

SpanaKumi:

Kifuniko kimeshikwa na vibanio, unakivuta taratibu kwa mkono. Piga brashi laini au vuta vumbi kwa mashine. Kikikugomea usikilazimishe, plastiki yake inavunjika.